Njahi za Mzazi

Wiki iliyopita nilinusa mshumaa unaoitwa Bahari, nikakasirika.

Ulikuwa umewashwa kando ya kitanda cha binamu yangu Waithera, huko Karen, katika nyumba yenye madirisha marefu na nyasi zinazonyunyiziwa maji hata siku ya mvua. Kwenye kikombe chake cha kioo palichorwa wimbi la buluu, na chini yake maneno ya kumhimiza mnunuzi apumue, atulie, aachilie. Niliuinamia nikavuta pumzi. Sabuni. Sabuni ya choo cha hoteli, na kwa mbali ndimu kidogo. Nawauliza nyinyi mliowahi kusimama ufukweni maji yakiwa yamekupwa: bahari inanuka sabuni? Bahari inanuka mwani unaooza juani, matope, chumvi na samaki wa jana. Harufu hiyo naijua vizuri. Niliishi nayo nikiwa darasa la tatu, ikining'inia kwenye kamba yetu ya nguo, ndani ya sweta la kijani la mama yangu.

Waithera alikuwa amejifungua mtoto wa kike ambaye hakupumua. Mshumaa ulinunuliwa na mama yake, shangazi yangu Wangui, dada ya baba. Alinipokea mlangoni akinong'ona kama mtu aliye maktabani.

"Shiru, tafadhali, usimwongeleshe mambo ya mtoto. Tumemwambia apumzike tu. Hata ile chumba yake tumeshapaka rangi ingine."

Nilikuwa nimebeba hotpoti iliyofungwa kwa kitambaa, na aliponiuliza ni nini nikamwambia ni chakula. Kisha nikaketi karibu na ule mshumaa wa uongo, na hasira niliyodhani nimeiacha Kangemi miaka mingi iliyopita ikaja ikaketi nami.

Kangemi tuliishi katika ploti ya Shosho, mama yake baba. Mbele palikuwa na nyumba ya mawe, yetu, na nyuma mistari miwili ya vyumba vya mabati vya wapangaji, bomba likiwa katikati. Shosho alikuwa mjane, mtu wa kanisa, na ploti nzima ilitembea kwa sauti yake. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Spring Valley. Alilala huko huko kazini, akatufikia Jumapili akiwa amenyoosha shati, akakaa kwa mama yake kama mgeni mwenye adabu.

Wapangaji wengi walikuwa watu wa kutoka magharibi ya nchi. Shosho aliwapenda kwa kuwa walifanya kazi kwa bidii, na hakuwapenda kwa kuwa, alivyosema, walicheka kwa sauti, walizika kwa sauti, na hata kupika walipika kwa sauti. Aliyemkera kuliko wote alikuwa Mama Nekesa. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tii, fundi wa kushona sare za shule katika kibanda cha ghorofani huko mjini. Jioni alirudi na mzigo wa mashati yasiyo na vifungo, na mama yangu akamsaidia kuvishona, wakiwa wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa kando ya bomba. Mimi nilikuwa nawaingizia uzi kwenye sindano. Mama, ambaye mbele ya Shosho aliongea kama anayeomba radhi, pale kwenye ndoo alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa lazima niwaambie habari ya majina, maana bila hiyo hamtaelewa ubaya uliotendeka. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Ndiyo maana mimi, ninayeitwa Shiru kwa kifupi, ni Wanjiru kama Shosho, na mama alipenda kunitania, kila nilipokataa kuosha vyombo, kwa kusema haya basi mama mkwe, pumzika. Binti wa pili huitwa jina la mama yake mama. Nyanya yangu huyo aliitwa Nyambura, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mama alipoambiwa kliniki kwamba tumboni kuna msichana, alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyesikia kwamba mama yake yuko njiani anakuja. Akaanza kufuma shali nyeupe yenye ukingo wa manjano. Alifuma mlangoni, penye mwanga, na tumbo likichezacheza alilipapasa akisema, "Nyambura, tulia."

Shosho naye alijitayarisha. Alinunua njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, akazichambua juani. Njahi kwetu huliwa na yeyote kwenye sherehe, lakini sufuria ya kwanza mtoto anapozaliwa ni ya mzazi. Zinamrudishia damu, zinamletea maziwa. Mwanamke akiwekewa bakuli la njahi akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta, hahitaji kuambiwa jambo lingine. Ameonekana. Kazi yake imepokelewa.

Mama alishikwa na uchungu asubuhi moja ya Agosti yenye baridi na manyunyu. Mama Nekesa ndiye aliyempeleka hospitali. Walirudi baada ya siku kadhaa, wawili kama walivyoondoka, mama ameshikilia mkoba wake kwa mikono yote miwili. Nilitazama nyuma yao nikidhani mtoto amebebwa na mtu mwingine.

Aliingia chumbani moja kwa moja akafungua kabati. Lilikuwa tupu. Shosho na shangazi Wangui walikuwa wamelifagia: karai jipya, soksi, vifulana, na ile shali. Vyote walimpa mwanamke mmoja wa kanisani aliyekuwa karibu kujifungua. Walifanya hivyo ili mama asivione akaumia. Nasema tena ili mnisikie vizuri: walimpokonya alichobaki nacho ili asiumie. Mpaka leo sijui kama kuna ukatili unaonikasirisha kuliko ule unaofanywa kwa huruma, maana huo hata huwezi kuulalamikia. Ukilalamika, wewe ndiye usiye na shukrani.

Kesho yake wakaja akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, na unga, sukari na mikate. Shosho hakutaka chakula kiharibike, akawapikia zile njahi. Nilizipeleka mimi mwenyewe kwenye sinia. Walikula njahi za mama yangu, mbele ya mama yangu, wakajifuta midomo, kisha mmoja baada ya mwingine wakamwambia asilie sana atamkosea Mungu, yeye bado kijana, atapata mwingine. Yeye alipewa chai na mkate.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona madoa mawili ya maji kifuani kwenye gauni lake. Nikadhani amejimwagia chai, nikakimbia kuleta kitambaa nimpanguse. Shangazi Wangui alinipokonya kitambaa na kunisukuma jikoni, kisha akamtupia mama sweta zito la kijani ajifunike. Maziwa yalikuja, ndugu zangu. Hayakuwa yameambiwa kwamba hapakuwa na mtoto. Tangu siku hiyo mama hakulivua sweta lile, jua likiwaka au lisiwake.

Jioni nilimwuliza Shosho swali ambalo kila mtoto angeuliza. "Nyambura ako wapi?"

"Hakuna Nyambura," alisema, bila kunitazama. "Jina haipewi mtu hajapumua. Tutaiwekea mwingine. Na usiitaje tena hapa."

Basi halikutajwa. Mama naye, kana kwamba katazo lile lilikuwa kizibo, akaacha kutaja chochote. Alipika, akafua, akafagia. Ukimwuliza jambo alikutazama mpaka unasahau ulichouliza. Mara nyingi nilimkuta amesimama mbele ya lile kabati wazi, mkono kwenye mlango wake, kama mtu aliyesahau alichofuata. Aliacha kwenda kwenye bomba kushona vifungo. Baba alipokuja Jumapili nilimshika shati nikamwambia mama ameacha kuongea. Akaniambia, "Mama ameshasema tumwache," na kwa Mama alimaanisha mama yake. Kisha akaenda kurekebisha bomba lililokuwa likivuja. Nilimchukia siku hiyo kwa moyo wangu wote mdogo, na kwa kweli hata sasa nikiona mwanamume anayekimbilia spana mke wake anapozama, mwili unanisisimka.

Ndipo Mama Nekesa alipobisha hodi akiwa na sufuria iliyofunikwa. Shosho alikuwa sebuleni anachambua mboga, mama ameketi dirishani.

"Mama Shiru, nimekuletea chakula."

Shosho alifunua kifuniko kabla mama hajageuka. "Hizi ni nini?"

"Ni njahi, Shosho. Niliambiwa kwenu mama akizaa anakula hizi. Sijui kama nimepika vizuri. Nimeweka nyanya na kitunguu."

Ninaomba mnielewe hapa. Mtu kutia nyanya kwenye njahi za mzazi ni jambo ambalo lingetosha kuzua kesi peke yake. Shosho alikodoa macho ndani ya sufuria, na kwa muda nilidhani ugomvi utakuwa wa nyanya.

"Kwanza hakuna mtu anaweka nyanya," alisema. "Na pili, hizi ni za mzazi. Huwezi mletea huyu."

Mama Nekesa hakuwa amekuja kugombana. Nilimwona usoni: alishangaa kweli, kama mtu aliyekosea mlango. Alimtazama Shosho, akamtazama mama yangu mwenye sweta lake, akamrudia Shosho.

"Na huyu si mzazi?"

Akavuta stuli, akapakua bakuli, akamwekea mama mapajani na kumtia kijiko mkononi. "Umezaa, Mama Shiru," alimwambia. "Kula."

Mama alikula. Alianza kidogo kidogo, kisha kwa njaa, na machozi yakamtoka bila sauti yakaingia bakulini. Kisha sauti ikaanza kuja, ndogo, ya kooni.

"Nyamaza, mtoto anakuona," Shosho alisema.

"Wacha alie, Shosho. Hajalia huyu."

"Kwangu hakuna matanga. Hakuna mtu amekufa hapa."

Mama Nekesa alisimama akajifunga leso upya kiunoni. "Basi tutaenda mahali mtu anaweza lia. Dadangu ako Likoni. Shule zimefungwa, kazi ya sare imeisha. Nitaenda na yeye."

Ugomvi ulidumu siku mbili tatu. Shosho alisema mwanamke wa kwao haendi Mombasa na mpangaji. Alisema Mama Nekesa atafute nyumba nyingine mwisho wa mwezi. Mama, aliyekuwa hajazungumza wiki nzima, alisema neno moja tu: "Nitaenda." Shosho alipoona hazuiliki, akatoa sharti. "Basi uende na huyu mtoto." Kisha akanivuta pembeni, akaniinamia. "Macho, Shiru. Ukirudi utaniambia yote wamefanya." Nilikuwa na jina lake, na alidhani hilo lilitosha kunifanya wake.

Tulipitia mjini asubuhi kupanda basi. Watu walikuwa wakienda maofisini kwa haraka, na wachuuzi walikuwa wameshatandika magunia yao kando ya njia. Mmoja alikuwa na rundo la nguo za watoto wachanga, akimwita kila mwanamke anayepita achague. Mama alisimama. Akainama, akaokota soksi moja ndogo, akaikunjua kwenye kiganja. Nilisubiri mtu amvute, maana kwetu kila mtu alikuwa akimvuta mbali na kitu fulani. Mama Nekesa aliweka mizigo chini akasubiri. Mchuuzi naye, sijui aliona nini, akaacha kuita. Mama alipoirudisha ile soksi mahali pake tukaendelea na safari.

Sikuwa nimeona bahari, na nilikuwa nimejisifia ploti nzima. Kwa hiyo fikirini uchungu wangu kesho yake tulipofika ufukweni nikakuta haipo. Maji yalikuwa yamekupwa, yamerudi mbali kule kwenye mstari mweupe, na mbele yetu palikuwa na matope, vidimbwi, na mwani unaonuka. Nilihisi nimedanganywa. Nilivua ndala nikazishika mkononi, nikanuna. Ilikuwa karibu adhuhuri na jua lilichoma, na mama yangu alitembea katika yale matope akiwa na sweta lake.

Tulipofika mbali kiasi, Mama Nekesa alisimama akamgeukia.

"Mtoto alikuwa aitwe nani?"

Nilishtuka. Katika siku zote zile, na akina mama wote wale, na maombi yote yale, hakuna hata mmoja aliyemwuliza. Nilimtazama mama. Upepo ulimpeperushia kitambaa cha kichwa, akakishika.

"Nyambura," alisema.

"Sijasikia, upepo ni mingi."

"Nyambura."

"Ehe. Nyambura." Na Mama Nekesa akaweka mikono kichwani, akalia kama wanavyolia kwao, kwa sauti inayopanda na kuita. "Woi, Nyambura, mama. Umekuja ukatupita. Mama yako alikufumia shali, Nyambura. Mama yako maziwa imejaa."

Niliona aibu hadi nikatamani yale matope yanimeze. Kisha mama yangu, mwanamke mpole kuliko wote niliowajua, akafungua mdomo, na kilichotoka sikuwahi kukisikia kabla wala baadaye. Aliketi palepale kwenye maji ya kidimbwi akaliita lile jina, akimwita mtoto na mama yake pamoja, maana wote wawili waliitwa hivyo, na kwa kukatazwa jina alikuwa amekatazwa kuwalilia wote wawili kwa mpigo mmoja.

Wanawake watatu wa pale, waliokuwa wakiokota chaza na kuwatia kwenye beseni, walisikia wakaja. Nilidhani wamekuja kutugombeza.

"Kuna msiba, dada?" mmoja aliniuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama.

Nilifikiri nitajibu nini. Shosho alisema hakuna mtu aliyekufa. "Ni mdogo wangu," nikasema. "Anaitwa Nyambura."

"Poleni sana. Mungu awape subira." Walitua mabeseni yao wakakaa nasi kwenye matope, wakiwa na kazi zao na jua juu yao, watu tusiojuana, mpaka mama aliponyamaza mwenyewe. Hakuna aliyemwambia atapata mwingine.

Tulirudi Kangemi baada ya wiki moja. Mama alitundika lile sweta kwenye kamba bila kulifua. Shosho aliniita jikoni akafunga mlango.

"Haya. Walifanya nini huko?"

"Tulikula samaki."

"Na nini ingine?"

"Tukakanyaga matope."

Alinitazama sana. Nikamtazama vilevile, Wanjiru kwa Wanjiru. Akasema tu sweta hilo linanuka, mtu alifue. Halikufuliwa. Lilikaa pale mpaka mvua ikalifua yenyewe.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya mama kuombea chakula. Alishukuru kwa safari, akashukuru kwa ugali, kisha kwa sauti ileile akasema, "Umbariki Wanjiru, na umtunze Nyambura." Shosho alifungua macho. Najua kwa kuwa yangu yalikuwa wazi. Hakumkatiza, wala mama hakuacha kulitaja jina hilo, si siku hiyo wala nyingine yoyote mezani pale. Ila mwisho wa mwezi Mama Nekesa alifukuzwa kweli, akahamia Kawangware, na mama akawa anamfuata huko Jumamosi kushona vifungo. Hakuna aliyemwomba msamaha yule mwanamke, na hilo bado linaniuma.

Kwa miaka mingi niliamini mama aliponywa na bahari. Niliisifia hivyo shuleni, kwa marafiki, kwa mume wangu. Ni juzi tu, nikiwa na mshumaa ule puani, nilipong'amua nilivyokosea. Maji hata hayakuwepo. Pale palikuwa tu mahali ambapo Shosho hakufika. Aliyemponya ni mpangaji asiyejua mila zetu vizuri, aliyedhani mwanamke aliyezaa ni mzazi, na aliyeuliza swali moja. Na inanikasirisha kwamba ilibidi mtu avuke nusu ya nchi ili aulizwe jina la mtoto wake.

Niliupuliza mshumaa ukazimika. Nikafungua hotpoti.

Harufu ilimfikia shangazi Wangui kabla sijapakua. Alinyanyuka kitini. "Shiru, hizo ni za mzazi."

"Najua, Tata," nikamjibu shangazi. Nikampa Waithera bakuli na kijiko. Zilikuwa na nyanya na kitunguu. Mimi sijui kuzipika vingine. "Umezaa. Kula."

Waithera alilishika bakuli kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito.

"Mtoto alikuwa aitwe nani?" nikamwuliza.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba binti yake wa kwanza, anayesoma chekechea, tayari ana jina la mama mkwe wa Waithera, na kwamba huyu alikuwa binti wa pili.

"Wangui," alisema.

Shangazi yangu aliketi. Aliketi polepole, kwenye ukingo wa kitanda, mkono mdomoni, mwanamke aliyekuwa amekipaka chumba rangi nyingine ili jina lake mwenyewe lisitajwe. Akaanza kulia. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya miaka mingi, na niliyataka yote. Nikaenda jikoni kutafuta kijiko cha pili, na sikumwambia anyamaze.